Kutoka Lugalo hadi Nandete: tulivyozunguka viwanja vya vita vya kusini

Mjomba wangu alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga Lugalo wala Songea. Aliandika tarehe ubaoni, wanafunzi wakanakili, mtihani ukaja ukapita. Kiinua mgongo kilipotoka akasema sasa anataka kuziona hizo sehemu kwa macho yake. Mimi nikaomba likizo Septemba, wakati barabara za kusini hazina tope. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa msaada wa picha za simu yangu na daftari lake, ambalo lina kila shilingi tuliyotumia, mpaka ya choo cha stendi.

Ijumaa: Dar, Lugalo, Iringa

Tulipanda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Nauli elfu thelathini na tano kila mmoja, viti vya mbele, maana mjomba hakubali kukaa nyuma ya tairi. Chalinze na Morogoro tulizilala. Mikumi tukaamka kwa ajili ya twiga, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu ambavyo baadaye tulivitawanya njia nzima kama zawadi, kwa sababu nani anazunguka kusini yote na gunia la vitunguu?

Kitonga palitukalisha. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, na magari ya kupanda na ya kushuka yakawa yanaruhusiwa kwa zamu. Abiria tukashuka, tukala mahindi ya kuchemsha ukingoni mwa barabara huku tukitazama bonde chini. Ukipanga safari ya Iringa usipange kikao cha jioni ile ile.

Baada ya Ilula mjomba akamwambia konda tunashuka Lugalo. Konda akachungulia nje, akaona vichaka na nyumba chache.

"Mzee, hapa hakuna kitu. Mjini bado."

"Kuna vita," mjomba akamjibu, akachukua begi lake.

Sisi wa Dar Lugalo tunayoijua ni ya kambi na hospitali ya jeshi. Lugalo yenyewe iko pembeni ya barabara kuu, kilomita ishirini na kitu kabla ya Iringa. Mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya akatuwekea mabegi chini ya meza yake, akamwita mwanawe atuoneshe njia. "Shikamoo babu," kijana akasema, akatangulia bila kuuliza tutamlipa nini.

Agosti 17, 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita hapa kwenda kumtia adabu Mkwawa, chifu wa Wahehe. Kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, na wengi wa askari wake walikuwa Waafrika waliokodiwa kutoka mbali, Wasudani na Wazulu. Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani pande za njia, wengi wao na mikuki. Ulipolia mlio wa ishara wakainuka. Wanahistoria wanasema shughuli nzito ilichukua dakika chache tu. Zelewski aliuawa, na inasimuliwa kuwa aliyemchoma mkuki alikuwa kijana mdogo. Wahehe wakaondoka na bunduki karibu mia tatu.

Ukisimama pale unaelewa jambo ambalo kitabu hakikuonyeshi: njia ni nyembamba, ardhi imejaa mawe na vichaka, na msafara wa mamia ya watu lazima ujinyooshe mmoja mmoja. Mjomba alitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine mara mbili, akihesabu hatua kwa sauti. Kijana wetu akamwangalia, kisha akaniangalia mimi.

Mnara ni wa mawe, umechongoka juu, na mijusi ilikuwa inaota jua kwenye ngazi zake. Ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Mjomba akavaa miwani, akasoma majina yao taratibu kama anaita mahudhurio. Alipomaliza akauzunguka mnara mzima, akarudi alipoanzia.

"Walioshinda hawamo," akasema.

Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari, na maneno hayo tulitembea nayo safari nzima.

Kijana alipewa elfu tano na vitunguu. Mama hakutaka hela ya kutunza mabegi, vitunguu akavipokea. Tukapata Noah iliyokuwa inatoka Ilula, tukabanana nyuma wanne, tukaingia Iringa jua likizama. Stendi ya mabasi sasa iko Igumbilo, chini, na mji uko juu kilimani, kwa hiyo hesabu na nauli ya bajaji. Hesabu na sweta pia. Septemba Iringa usiku si mchezo.

Jumamosi: Kalenga na Mlambalasi

Kalenga ni karibu na mjini, daladala zinakwenda, nauli haifiki bei ya soda mbili. Mlambalasi ni mbali zaidi, kama kilomita hamsini kwa njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na usafiri wa umma haukufikishi. Tulikodi teksi ya siku nzima kwa elfu tisini baada ya kuanzia laki na nusu. Dereva alikuwa Mhehe wa Kalenga, na kila tulipokutana na mzee njiani alipunguza mwendo, akashusha kioo, akasema "Kamwene" mpaka aitikiwe. Tukachelewa kwa heshima.

Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga. Baada ya Lugalo Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijipanga, na Oktoba 30, 1894 Tom von Prince akaiangusha kwa mizinga. Mkwawa akatoroka, akapigana msituni karibu miaka minne, akiwa na dau la rupia 5,000 juu ya kichwa chake. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi. Wakamkata kichwa.

Makumbusho ya Kalenga ni nyumba ndogo. Ndani kuna mikuki, ngao, bunduki, na katikati sanduku la kioo lenye fuvu. Nilidhani nitasimama na kupiga picha kama wageni wote, lakini ukiwa sentimita thelathini kutoka kwenye mfupa wa uso wa mtu, mkono hauendi mfukoni kutoa simu. Tulikaa kimya pale kwa muda. Mtunzaji, kijana mpole sana, alituacha kwanza, ndipo akaanza kueleza.

Habari ya fuvu hilo ni kisa peke yake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu, una kifungu kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta rafu za mafuvu. Wakayachambua kwa vipimo, wakilinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu zake walio hai, na lililochaguliwa lina tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mjomba akauliza swali ambalo nadhani huulizwa kila siku: je, tuna hakika ni lake? Mtunzaji hakukasirika. Akasema, "Babu, hata kama vipimo vimekosea, huyu naye alikuwa mtu, na alichukuliwa." Kisha akaendelea na ngao.

Barabara ya kwenda Mlambalasi ni ya vumbi na mawe madogo, teksi ikapiga chini mara kadhaa. Kaburi la kiwiliwili liko huko, karibu na miamba mikubwa ambayo watafiti wa mambo ya kale wamechimba na kukuta mabaki ya watu wa maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Kwa hiyo kichwa kiko Kalenga, mwili Mlambalasi, na kati yake ni karibu saa nzima ya gari. Dereva akasema wazee hawapendi hali hiyo lakini hakuna aliye na haraka ya kubadili.

Kwa watakaokuja: bebeni kitambulisho cha NIDA ili mlipe kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo. Bebeni pia fedha taslimu na salio la simu, kwa sababu sehemu nyingine hutaka noti na nyingine hukupa namba ya malipo ya serikali, na mtandao ukigoma mtakaa mlangoni. Mlambalasi hakuna duka. Maji na chakula nunueni mjini.

Jumapili: Iringa hadi Songea

Siku ya kukaa kwenye basi. Mafinga, Makambako, Njombe yenye baridi na parachichi za kujaza mikono miwili kwa buku, kisha kona zisizoisha mpaka Songea. Tulifika jioni, tukala ugali na mbasa wa Ziwa Nyasa, samaki ambaye mjomba alimtafuna mpaka miba ikawa haina kazi.

Jumatatu: Songea

Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani vilivyoanza 1905, yako mjini kabisa, mtaa wa Mahenge, unafika kwa miguu. Nje wamesimama manduna, majemadari wa Wangoni, kwa sanamu. Tulikuwa wageni wa kwanza asubuhi ile, na mtembeza wageni alikuwa dada mmoja aliyejua kazi yake. Alituuliza kwanza tumetoka wapi na tunajua nini, ili asitueleze tunayoyajua.

Hapo mjomba akajikuta darasani, upande wa madawati. Yeye alizoea kufundisha kwamba walinyongwa mashujaa 67 siku moja, Februari 27, 1906. Dada akamrekebisha taratibu: kaburi la pamoja lina 66, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baada yao na ana kaburi lake pekee. Wajerumani walikuwa tayari kumsamehe, naye akakataa kubaki hai wenzake wakiwa wamekufa. Kichwa chake nacho inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na hakijarudi.

"Kwa hiyo mwalimu," dada akasema, "jumla yako ni sahihi, ila siku yako moja."

Mjomba akacheka, akaandika.

Kwenye kaburi la pamoja kuna majina. Hilo ndilo lililomshika baada ya Lugalo. Aliyasoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari, na yale ya Kingoni aliyoyakosea, dada aliyatamka upya, mjomba akarudia mpaka akapata. Ilichukua muda mrefu kuliko makumbusho yenyewe. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wameingia na mwalimu wao, wakasimama nyuma yetu wakisubiri zamu. Wawili watatu wakaanza kunong'ona majina pamoja naye.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Novemba 1, 2023, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyotenda. Nilimuuliza dada watu waliupokeaje. Akasema wapo walioridhika, wapo wanaosubiri fuvu, na wapo wanaouliza kuhusu njaa. Hiyo njaa ndiyo inayosahauliwa. Risasi ziliua wengi, lakini walioua zaidi ni wale waliochoma maghala na mashamba. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa Waafrika 26,000, na wanahistoria wa baadaye wametaja 75,000 mpaka 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Ukiweza, njoo mwishoni mwa Februari. Kila mwaka tarehe 25 hadi 27 kuna kumbukumbu kubwa, na ngoma ya lizombe inapigwa. Lakini weka nafasi ya kulala mapema, maana nyumba za wageni hujaa.

Mchana tulikunywa kahawa ya Mbinga kwenye kibanda nyuma ya soko. Muuzaji alipojua tumekuja kwa ajili ya makumbusho akasema bibi yake aliwahi kumweleza kwamba baada ya vita watu walikula mizizi ya porini. Kisha akamgeukia mteja mwingine na kuanza kubishana naye kuhusu timu ya Majimaji itarudi lini ligi kuu. Mabishano hayo ndiyo yaliyochukua muda uliobaki.

Jumanne: Songea, Tunduru, Masasi

Lami yote, jambo ambalo wazee wa njia hii wanalisimulia kama muujiza, kwa sababu zamani Songea hadi Masasi watu walilala njiani wakati wa masika. Sisi tulikaribia kulala bila masika. Baada ya Namtumbo basi lilianza kutoa harufu ya kuungua, likasimama porini, na dereva akasema kamba ya feni imekatika na ya akiba haipo. Kampuni siitaji, ila basi la kwenda kilomita zaidi ya mia nne bila kamba ya akiba ni jambo la kuuliza kabla ya kukata tiketi.

Tulikaa hapo tangu saa tano mpaka saa tisa. Mzee mmoja wa Tunduru, anayeishi na biashara ya korosho, alifungua mfuko wake akawagawia watoto wote ndani ya basi, kisha watu wazima. Mama mwenye kichanga alitandika kanga chini ya mti, akina mama wengine wakamzungushia kivuli cha khanga zao. Mjomba alitoa somo la Majimaji kwa yeyote aliyetaka na wawili ambao hawakutaka. Kamba ikaletwa na bodaboda kutoka Namtumbo. Muhuwesi tulivuka giza likianza, Masasi tukaingia saa nne usiku.

Chumba chenye feni na maji ya ndoo: elfu ishirini. Tulilala na vumbi letu.

Jumatano: Mahiwa, kisha Lindi

Asubuhi tuliona miamba ya Masasi, ile mikubwa iliyosimama wima nyuma ya mji, tukashika Coaster ya kuelekea Lindi. Ndanda tukanunua ming'oko ya kuchemsha dirishani, buku fungu. Kama hujawahi kula, ni mizizi ya porini, laini, unaimenya na kuichovya kwenye chumvi. Kusini usipite bila kuila wakati wa kiangazi.

Tukashuka Nyangao. Hii ni Vita Kuu ya Kwanza, na kwa safari yetu ilikuwa kama kuruka miaka kumi na mbili mbele na kukuta Waafrika wale wale wakiuana kwa amri za watu wengine. Oktoba 15 hadi 18, 1917, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipambana na la Waingereza hapa Nyangao na Mahiwa. Upande wa Waingereza walipigana Wanaijeria na King's African Rifles, kikosi cha askari wa Afrika Mashariki, na upande wa Wajerumani askari wa koloni hili hili. Waingereza walipoteza karibu watu 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa, katika watu wapatao 5,000. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500, pigo kubwa kwa jeshi dogo lisilokuwa na pa kupata wengine. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Tulifanya kama inavyotakiwa kijijini: kwanza ofisi ya mtendaji, kujitambulisha, kusaini kitabu cha wageni. Msiruke hatua hii. Watu wawili wanaotembea mashambani wakipiga picha mabonde wataitwa watafuta madini kabla ya saa sita, na kwa haki. Mtendaji akatupa mgambo wa kutusindikiza, na mgambo akatupeleka kwa mzee mwenye shamba la mikorosho upande wa Mahiwa.

Mzee hakushangaa tulichotaka. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa maganda ya risasi, ya shaba, yamegeuka kijani, mengine yamebonyea. Akayamwaga kwenye mkeka. Yanatoka akilima, akasema, hasa mvua za kwanza zikishaosha udongo. Nilichukua moja. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea, na ndani yake mchwa walikuwa wameziba kwa udongo mgumu.

"Makaburi yako wapi, mzee?" mjomba akauliza.

"Ya nani?"

"Ya waliopigana."

Mzee akaonyesha mikorosho kwa mkono wazi, kutoka kushoto hadi kulia, akaendelea kuyarudisha maganda kwenye kopo.

Wapagazi ndio waliomsumbua mjomba siku hiyo. Kila askari alihitaji watu wa kumbebea risasi, chakula na dawa, maana mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na kwa hiyo mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu ni makumi ya maelfu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kuwa waliokufa katika vita ile, wasiopungua 116,000 na huenda mpaka 350,000, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Nilimsomea mjomba kwenye simu tukiwa chini ya mkorosho. Akaniambia nirudie tarakimu ya pili.

Kidokezo: maganda ya risasi yaacheni kijijini, hata mkipewa. Na mkikuta kitu kizima, cha duara au kirefu, msikiguse, mwiteni mtendaji.

Lindi tulifika alasiri, tukaoga, tukala pweza ufukweni. Siku hiyo hatukuzungumza habari za vita tena.

Alhamisi: Njia Nne, Kipatimu, Nandete

Barabara ya Kilwa ni nzuri tena katika sehemu kubwa, ila huko Somanga bado unaona ambako mafuriko ya kimbunga Hidaya yalikata njia Mei 2024. Ukisafiri wakati wa mvua uliza kwanza kama madaraja yanapitika.

Tulishuka Njia Nne. Kuanzia hapo ni kilomita hamsini za milima ya Matumbi mpaka Kipatimu. Gari la abiria lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo bodaboda mbili, elfu ishirini na tano kila moja, kwa mtu mwenye miaka sitini na kitu ambaye hakutaka kuvaa kofia ngumu mpaka dereva akamwambia, "Mzee wangu, bila kofia sikupakii, utanifungisha." Akavaa. Njia inapanda na kushuka, miembe na minazi pande zote, na vumbi jekundu ambalo bado liko kwenye mshono wa begi langu.

Nandete ndipo vita vya Majimaji vilipoanza. Watu walilazimishwa kulima pamba ya jumbe, kiongozi wa kijiji chini ya Wajerumani, kwa malipo ya fedheha huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa anagawa maji ya dawa ya kuwaunganisha, na watu walichoka kusubiri neno lake. Mwishoni mwa Julai 1905 wakaingia shambani wakang'oa miche ya pamba, wakijua kabisa kung'oa kule ni kutangaza vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, kabla moto haujafika Ungoni, nchi ya Wangoni kule Songea.

Majina ya walioanza kung'oa yalihifadhiwa na wazee, wakayasimulia kwa watafiti: Ngulumbalyo Mandai, Lindimyo Machela, na mwanamke, Nantabila Naupunda. Mjomba aliyajua mawili ya kwanza. La tatu nililisoma mimi kabla ya safari, na nikamwachia alikute mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji alitutembeza mwenyewe mpaka kwenye mnara wa kumbukumbu, na mtu wa tatu akajiunga njiani, na wa nne, mpaka tukawa kundi. Mjomba akauliza habari za mwanamke aliyeng'oa pamba. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye kundi akamjibu kabla ya mwenyekiti, akamtaja kwa jina lake kamili, kisha akamtazama mjomba.

"We mwalimu, miaka yote hiyo ulikuwa unafundisha bila huyu?"

"Kitabu hakikumtaja, bibi."

"Ungekuja kuuliza."

Watu wakacheka, na mjomba naye. Bibi huyo huyo ndiye aliyetulaza. Hakuna nyumba ya wageni Nandete, gari la kurudi lilikuwa la alfajiri, na yeye akasema nyumba ya mwanawe haina mtu. Tulikula wali wa nazi na kisamvu. Tulipotaka kulipa akasema tulipe msikitini. Tukafanya hivyo, elfu kumi ndani ya kisanduku.

Ijumaa na Jumamosi: kurudi, na Askari pale Posta

Ijumaa nzima ilikuwa barabara: Kipatimu, Njia Nne, Kibiti, foleni ya Mbagala. Tuliingia nyumbani usiku.

Jumamosi mjomba akasema safari haijaisha. Tukapanda mwendokasi mpaka Posta, tukasimama kwenye Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Nimepita pale maisha yangu yote nikiitumia kama alama ya kukutania. Iliwekwa 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani, ambayo Waingereza waliing'oa walipoutwaa mji. Ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya sitini.

Tukasoma maandishi, ambayo yapo kwa Kiswahili pia. Yanawakumbuka askari wenyeji, na wapagazi yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Polisi wa usalama barabarani akatuuliza tunatafuta nini. Mjomba akamwambia tunatafuta majina. Polisi akazunguka naye upande wa pili kumsaidia kutazama.

Majina yako Kinondoni, kwenye makaburi ya vita barabara ya Bagamoyo. Tulikwenda mchana kwa daladala. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka, na mawe yana jina, cheo na kikosi. Mengi ya makaburi hayo yalihamishiwa pale 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara. Hakuna kiingilio, mtunza bustani anakuonyesha daftari la majina ukiomba. Mjomba alitafuta waliokufa Mahiwa Oktoba 1917, na akawapata kadhaa. Ukurasa wa wapagazi aliutafuta, hakuupata.

Gharama kwa watu wawili, kwa mujibu wa daftari: laki nane na elfu sitini na mbili, pamoja na vitunguu. Ungepunguza kwa kuacha teksi ya Mlambalasi na kuungana na wageni wengine Iringa. Ungeongeza siku moja Songea, na hiyo naishauri. Nandete usiende bila namba ya mtu wa kijijini, maana mtandao unakatika kuanzia katikati ya milima. Mjomba kwa sasa anauliza nauli za Bukoba, kwa sababu Kaboya, walikozikwa wanajeshi wa Vita vya Kagera, nako hajafika.